Dozi Moja, Watu Wawili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Kabla hamjaitikia mara ya pili, nawaomba mliokaa karibu na ukuta mfungue madirisha. Yote. Hata lile la upande wa minazi, ambalo huwa tunaliegemeza kwa kiti, nalo lifunguliwe. Najua vumbi litaingia, na mbuzi wa jirani watasikika, lakini mimi ushuhuda huu siwezi kuutoa ndani ya chumba kilichofungwa. Sababu ziko mbili. Moja mtaisikia njiani, ya pili nitaisema mwishoni.

Haya. Bwana asifiwe tena!

Naitwa Yosia. Kwetu ni Mpwapwa, lakini hapa Mtwara ndipo nilipooa na ndipo nilipofungwa. Kwenye kwaya mnanijua kama yule wa sauti ya nne anayechelewa kuingia. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, na lenyewe limo ndani ya habari hii. Mwinjilisti ameniomba nishuhudie mara nyingi, nami nikamkwepa kwa visingizio vya mafua na safari. Ukweli ni kwamba ninyi mkisimama hapa mnajua siku na saa mliyofunguliwa. Mimi nimefunguliwa kweli, haleluya! Lakini ukiniuliza ilikuwa siku gani, na Mungu alipitia mlango upi, nachanganyikiwa. Nikiishika habari hii upande huu, namwona Bwana ananitoa shimoni. Nikiigeuza, najiona mimi nimemsukuma mwingine humo. Basi leo nitaisema kama ilivyokuwa, na mwenye kuelewa atanielewesha.

Zamani nilikuwa kuli bandarini. Nguvu nilikuwa nazo, akili niliiacha kilabuni. Siku moja tuligombea kivuli, ndugu zangu, kivuli tu cha kupumzikia! Nikampiga mwenzangu kwa kulabu ya kuvutia magunia. Mungu alimhurumia, likavunjika taya badala ya fuvu. Nikahukumiwa miaka miwili, nikapelekwa gereza la shamba, upande wa barabara ya Madimba. Jina lake silitaji, maana walioko kule sasa sio wale.

Selo yetu ilijengwa kwa ajili ya watu wachache, tukawa wengi. Tulilala chini, ubavu, mstari mzima tumeelekea upande mmoja. Ukichoka huwezi kugeuka peke yako. Unamwambia nyapara, nyapara anaita, "Geuka!", na mstari wote unageuka pamoja. Kwa hiyo saa hii pumzi ya mwenzako iko kisogoni mwako, saa ijayo yako iko kisogoni mwake. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Tena madirisha yalikuwa yamezibwa. Miaka ile kulikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma, na ndege za Mreno zilikuwa zikipita, ikatoka amri taa zisionekane. Sisi taa yenyewe tulikuwa na kandili moja, tena linalofifia. Lakini nyapara alitaka kuonekana mtiifu, akatundika magunia madirishani. Baadaye ukavuma upepo wa kusi wenye baridi, nasi tukayapenda yale magunia kuliko blanketi. Askari akitaka kuyatoa tulimwomba ayaache. Sisi wenyewe, ndugu zangu! Tulijifungia ndani ya pumzi zetu na kushukuru.

Jirani yangu kwenye mstari aliitwa Athumani, mkulima wa mpunga kutoka Kitaya, kule mtoni kabisa. Kosa lake lilikuwa gobore. Kiboko aliingia kwenye mpunga wake siku tatu mfululizo, akakanyaga na kula. Siku ya nne Athumani akampiga kwa gobore la marehemu baba yake ambalo halikuwa na kibali. Kiboko akarudi mtoni mzima, Athumani akaja jela. Aliisimulia kesi hiyo kila wiki, na kila mara kiboko alikuwa mkubwa zaidi. Aliniita Mgogo wa maji ya chumvi. Nilipopata homa kali wiki zangu za kwanza, yeye Mwislamu ndiye aliyenigawia ugali wake, akanifuta jasho kwa kanzu yake kuukuu aliyoificha nyuma ya ndoo ya choo. Nampenda mtu yule mpaka leo.

Na alikohoa. Tuliambizana ni vumbi la mikorosho. Alipoanza kukonda tukasema ni mawazo.

Ndipo akaletwa dresa mpya, mtabibu wa gereza, Bwana Komba, mtu wa Songea. Siku ya kwanza aliingia selo, akavuta hewa mara moja, akatoka. Kisha akarudi na kisu, akayakata magunia yote. Nyapara akayarudisha jioni ile ile. Dresa akayakata tena. Ikawa kama mchezo. Wiki iliyofuata akatupanga mstari uwanjani, akatugawia vikopo vidogo vya mafuta ya kujipaka vilivyochemshwa, kila kimoja kimebandikwa plasta yenye jina la mtu.

"Kesho asubuhi, kabla hujanywa hata maji, kohoa kutoka ndani kabisa, tema humo, funika," akasema. "Sitaki mate, nataka makohozi. Vitakwenda mjini kupimwa. Atakayeonekana ana kifua kikuu atahamia chumba chenye hewa. Hatashika jembe. Atapewa sindano, vidonge, maziwa, yai na samaki."

Ndugu zangu, nyie mliokula mayai mkashiba hamwezi kuelewa neno "yai" lilivyoanguka masikioni mwetu. Sisi chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na kunde zenye wadudu. Wengine palepale walianza kukohoa kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha shambani. Nami nilikuwa mmoja wao, lakini kifua changu kilikuwa kikavu, hakitoi kitu.

Athumani yeye aliogopa. Alikuwa amebakiza miezi mitatu tu atoke. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba wenye ugonjwa ule hupelekwa hospitali ya mbali kaskazini, wanakaa huko mwaka au zaidi. Na nyumbani kwake wapwa zake wawili, wana wa dada yake, walikuwa wanakaribia kuingizwa jandoni. Kwao mjomba ndiye mwenye watoto. Dada yake, Bi Zainabu, alikuwa mjane, na hakukuwa na mjomba mwingine. Siku watoto wanapotoka kambini, kambi ambayo wao huiita likumbi, mjomba huwapaka unga kwenye paji la uso, na kwa siku saba anakula nao sinia moja na kulala nao nyumba moja. Asipokuwepo, wanabaki kama watu ambao hawakupokelewa.

Asubuhi ile tulisimama kwenye tangi la maji, vikopo mkononi. Athumani akanisogelea.

"Yosia, wewe unataka yai. Mimi nataka nyumbani. Tubadilishane."

Sikuuliza mara mbili. Nilitema mate yangu katika kikopo chake, yeye akakohoa ndani ya changu. Tukavifunika. Nilikibeba chenye jina langu mpaka mezani kwa dresa, nikakiweka taratibu kama mtu anayeweka sadaka.

Majibu yalipokuja, waliitwa watu wawili: mzee mmoja wa selo ya pili na mimi. Ndugu zangu, nilimshukuru Mungu! Nilipiga magoti! Nilimshukuru Mungu kwa makohozi ya mtu mwingine. Jioni ile nilikunywa maziwa, nikalala kwenye kitanda, dirisha wazi, nikageuka nilivyotaka bila kumwomba mtu ruhusa.

Kilichofuata sikukifikiria. Kila asubuhi dresa alinichoma sindano, na sindano haifichiki. Siku baada ya siku, mpaka sikio likaanza kulia kana kwamba kuna nyenje ndani, na nikisimama ghafla nilipepesuka kama zamani zangu za kilabuni. Vidonge, hivyo niliweza kuvificha. Niliviweka shavuni, dresa akipita navitema. Mwanzoni nilivifukia mchangani. Kisha nikapata wazo, na wazo lile ndilo linalonisumbua hadi leo.

Wagonjwa tuliruhusiwa kukaa juani kando ya waya, na kundi la shamba lilipita hapo likirudi na majembe. Nikaanza kufunga vidonge kwenye jani la mkorosho na kumpa Athumani anapopita. Nilifanya hivyo kila siku. Yeye akameza. Nilijisemea: ugonjwa ni wake, dawa ni zake, mimi ni tarishi tu. Nilijiona mtu mwema kuliko wote gerezani! Na kweli kikohozi chake kikapungua. Mashavu yakarudi. Akipita waya alijigonga kifua na kunionyesha dole gumba. Nikamwambia Mungu, unaona? Umeyafanya mabaya yangu kuwa mema. Niliimba, ndugu zangu. Nililala usingizi wa mtu asiye na deni kwa yeyote.

Hili lilidumu kama wiki tano. Halafu kikohozi kikarudi.

Na hakikurudi peke yake. Mlango wa chumba chetu ulifunguliwa mchana mmoja, akaingizwa Saidi, fundi viatu kutoka Mahurunga. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Nilimuuliza imekuwaje, akacheka kidogo.

"Si nilipewa mahali pako, Yosia. Nikaona nimebahatika, kule pembeni ndoo iko mbali."

Mahali pangu. Kisogoni kwa Athumani. Wiki iliyofuata akaja mwingine wa mstari uleule. Dresa Komba akaanza kukosa raha. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda changu, kofia mapajani, akazungumza kama anaongea peke yake.

"Sielewi. Niliwaandikia mjini kwamba selo ile ni safi, maana mgonjwa wake nimemtoa. Nimekutoa wewe. Magunia nimeyachoma. Na bado wanakuja. Labda kazi hii siijui."

Ndugu zangu, niliangalia kikombe changu cha maziwa nikashindwa kuyanywa. Lakini sikusema. Ningesema nini? Nikisema, Athumani anakamatwa, siku yake ya kwenda nyumbani inapotea. Nisiposema, Saidi mwingine ataingia mlangoni. Kila upande kulikuwa na mtu. Niliomba sana. Jumapili mwinjilisti wa gerezani akaja, akatuwekea mikono, akasema amani. Sikuipata. Nilingoja Mungu anijibu, na Mungu akakaa kimya kabisa. Nilikuwa sijui hata ninachoomba: nisamehewe, au nisikamatwe.

Zikabaki siku sita Athumani atoke. Alipita waya akiwa na furaha kama bwana harusi.

"Wapwa zangu wanatoka likumbi Ijumaa! Nitawapaka unga kwa mkono huu. Siku saba, Yosia, nitakula na kulala nao. Nikitoka hapo nitakutumia mchele mpya."

Kisha akakohoa. Alishika nguzo ya waya, akakohoa mpaka akainama, akafuta mdomo kwa lile jani la mkorosho nililompa, akalitupa. Alipokwisha kupita nikaliangalia. Lilikuwa na damu.

Nikaiona ile nyumba ya Kitaya. Watoto wawili wamelala, mjomba katikati, mlango umefungwa. Hakuna hata nyapara wa kusema geuka.

Kesho yake asubuhi dresa alipokuja na sindano nikamshika mkono. "Usinichome, Bwana Komba. Makohozi hayakuwa yangu."

Alidhani ni homa inaongea. Nikamweleza yote, vikopo na yai na jandoni. Akasikiliza. Nilipofika kwenye vidonge alivyokuwa anameza Athumani, akaketi kitandani kwangu. Sijawahi kuona mtu mzima akikunja uso namna ile.

"Wewe sindano, yeye vidonge," akasema. "Dozi moja mmegawana watu wawili. Unajua mmefanya nini? Dawa zile zinakwenda pamoja, ugonjwa usipate pa kukimbilia. Dawa moja peke yake inaupiga, inauchosha, halafu unaizoea. Mmeufundisha ugonjwa, Yosia! Mmeufundisha njia ya kutoroka!"

Alilia. Ndiyo, dresa alilia, tena kwa hasira. Kisha akainuka akamleta Athumani, akatupa vikopo vipya, akasimama mbele yetu. "Temeni hapa, naangalia." Athumani akatema. Akanitazama, macho yamejaa.

"Umenichinja, Yosia," akasema. "Haki ya Mungu, umenichinja."

Walimlaza kitanda cha pili kutoka kwangu. Aligeukia ukuta. Dresa hakumgombeza. Alikuwa akija mchana anakaa katikati ya chumba na kutueleza sote, bila kumtaja mtu, jinsi ugonjwa ule unavyosafiri. Alisema mtu akikohoa, kuna vitu vidogo visivyoonekana vinabaki hewani. Chumba kikifungwa vinangoja. Upepo ukipita vinapeperuka, na jua linaviua. Sinia si tatizo kubwa, alisema, tatizo ni kulala pamoja na kukoholeana usoni. Athumani alisikiliza kwa mgongo. Siku ya tano, bila kugeuka, akauliza swali moja.

"Nikisimama chini ya upepo, mbali kama kutoka hapa mpaka kwenye lile tangi, mtoto atasalimika?"

"Atasalimika," dresa akajibu.

Basi.

Majibu yakaja. Athumani alikuwa na ugonjwa, hilo tulilijua. Na mimi, ndugu zangu, mimi niliyekuwa mzima, niliyetema mate safi kwenye kikopo cha mwenzangu, mimi pia nilikuwa nao!

Hapa ndipo mnisaidie. Niliupata wapi? Nilimuuliza dresa. Je, nilikuwa nao tangu selo, nikiwa mgonjwa nisiyejijua, na uongo wangu ndio uliokuja kunilaza penye sindano? Au nilikuwa mzima, na uongo wangu ndio ulionilaza katikati ya wagonjwa mpaka nikaugua? Kama ni la kwanza, dhambi yangu imeniokoa. Kama ni la pili, dhambi yangu imenila. Dresa akasema, "Sijui. Na darubini haijui." Nimemuuliza Mungu pia. Nimesoma, nimefunga. Mpaka leo sijui.

Siku ya Athumani ikafika. Bwana jela akasema kifungo kimekwisha na hana sheria ya kumshikilia mtu kwa sababu anakohoa. Dresa akamsihi apitilize hospitali ya mjini, kitanda kipo, na dawa nyingine ameziomba. Athumani akavaa kanzu yake, akaaga wote chumbani isipokuwa mimi, akatoka. Tulimwona dirishani akipanda lori la kwenda Mahurunga, njia ya kwao, juu ya magunia.

Siku zile tatu sikula. Maziwa yalikuja yakarudi. Niliwaona wale watoto kila nikifumba macho. Nikajiambia, nimemsaliti rafiki yangu, na watoto hawakupona kwa usaliti huo. Nimepoteza kotekote. Nilimwambia Mungu: Bwana, mimi siombi uzima wangu tena. Wape wale wawili hewa. Sikujua kuomba vizuri zaidi ya hapo. Hayo tu, wape hewa.

Siku ya nne, mchana wa jua kali, tukasikia kelele langoni. Askari wa zamu alikuwa anacheka mpaka ameshika tumbo.

"Njooni mwone! Tangu lini mtu akabisha hodi jela?"

Alikuwa Athumani. Amesimama nje ya lango, huru, anagonga chuma kwa jiwe. "Nifungulie. Dawa zangu ziko humo ndani."

Dresa alimkalisha kivulini, nje, nasi tukasogea kwenye waya. Alitaka maji, akanywa, ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sikulala nao," akasema.

Alifika Kitaya Ijumaa, watoto wamekwisha kutolewa likumbi, ngoma zinalia, watu wote wanamngoja mjomba. Yeye akasimama mbali, chini ya upepo, kwenye mwisho wa shamba la mpunga. Wakamwita, akakataa. Watu wakasema jela imemtia kiburi, wengine wakasema amelogwa. Akampigia kelele dada yake, "Zainabu! Chukua unga, wapake kwa mkono wako! Sema ni wa kwangu!" Mwanamke kupaka unga, hilo halijawahi kuonekana kwao. Bi Zainabu akauchukua unga, akawapaka. Athumani akasema jina la kila mtoto kwa sauti kutoka kule alikosimama. Kisha akalala kwenye dungu la kulindia mpunga usiku wa kwanza na wa pili, na asubuhi akashika njia.

"Wamenicheka, Yosia," akaniambia. Hapo ndipo alipolia.

Alipelekwa hospitali ya mjini siku ileile. Mimi nikaanza dawa upya, zote, mbele ya macho ya dresa, ikiwamo ile ya unga mchungu uliokuwa unanipindua matumbo. Sikukitema hata kidonge kimoja. Saidi alipona. Selo ikapigwa chokaa, madirisha yakapanuliwa, na nyapara mwenyewe akawa mkali kuliko dresa kwa mtu anayetundika gunia. Vikopo vikawa vinatemewa mbele ya dresa. Baada ya hapo mgonjwa mmoja tu mwingine alitokea, na akapatikana mapema. Mimi nilitoka, nikamaliza vidonge vyangu uraiani, na madaktari wakaniambia kifua ni safi. Nikaokoka, nikabatizwa, mkanipa sauti ya nne. Utukufu kwa Bwana!

Athumani hakupona. Dawa zilimkataa. Aliishi miezi minane katika wodi ile, nami nikaomba ruhusa nikamtembelea mara moja, nikiwa bado mfungwa, askari pembeni. Alinichekea, akanieleza habari ya kiboko, ambaye sasa alikuwa na ukubwa wa nyumba. Hatukutaja vidonge. Alifariki mvua zikiisha.

Sasa ndugu zangu, mnaona ninapokwama? Vidonge nilivyompa kwa mapenzi, kwa siri, huku nikiimba, huenda ndivyo vilivyomwua. Neno nililolisema kwa woga, akaniita mchinjaji, ndilo lililowaokoa watoto wa dada yake. Mema yangu yaliua, na usaliti wangu ukaponya. Nani atanipangia mahesabu haya? Mimi nimeacha. Nimemwachia Yeye.

Sababu ya pili ya madirisha ni hii. Nje, kwenye kibaraza, chini ya dirisha la upande wa minazi, ameketi Bi Zainabu. Amekuja jana kutoka Kitaya. Wale watoto sasa ni vijana, wamepimwa hapa mjini wiki hii, vifua vyao ni safi wote wawili. Nimemkaribisha aingie, akasema yeye ni Mwislamu, atakaa pale pale. Amesema anataka tu kusikia jina la kaka yake likitajwa mbele za Mungu. Jana nilimuuliza lile swali langu, la vidonge. Nilimwomba anihukumu. Akaniambia, "Kaka alisema umemchinja. Tena alisema umemhifadhia watoto. Yote aliyasema akiwa na akili zake. Mimi sijui nichukue lipi nikuachie lipi." Kisha akanipa mchele kikapu kizima. Akasema ni ule alioahidi Athumani.

Ndugu zangu, kama kuna anayekohoa hapa wiki ya tatu sasa, asiniambie ni vumbi la korosho. Akapimwe. Na apeleke makohozi yake mwenyewe! Akipewa dawa azimeze zote, asimgawie hata anayempenda. Na kama una jambo umelificha kwa sababu kila upande kuna mtu, mimi sikuahidi kwamba ukilisema utaelewa. Mimi sikuelewa. Nakuahidi tu kwamba Mungu hufika hata pale ambapo wewe mwenyewe huoni njia, na mtegemee hivyo hivyo ukiwa umechanganyikiwa. Mimi namtegemea hivyo.

Namshukuru Mungu kwa Dresa Komba. Namshukuru kwa kila dirisha. Namshukuru kwa Athumani wa Kitaya, mjomba aliyesimama chini ya upepo. Semeni amina, na mseme kwa nguvu afikiwe mtu wa kibarazani.

Mmesikia? Naye ameitika. Sikio langu bovu ndilo lililo upande wa dirisha, na bado nimemsikia.

Msiyafunge.